Dada Natalia na Mashine ya Presha

Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Dada yangu Natalia alishiriki tangu usichana wake na hakukonda hata kidogo. Aliolewa akiwa mnene, akazaa akiwa mnene, na wakati ninaousimulia hapa mikono yake ilikuwa imejaa kiasi kwamba kila gauni lililoletwa kutoka kwa fundi ilibidi lirudishwe likaongezwe kitambaa chini ya makwapa.

Mimi ni mdogo wake, Filomena. Nilikuwa naishi naye Kilosa, kwenye nyumba iliyo nyuma ya stesheni, kwa sababu mume wangu alikwenda Ruaha kununua mpunga akaona afadhali abaki na wenye mpunga. Kwa hiyo nikisema dada alikuwa na wivu, mjue kwamba anayesema naye si malaika. Yeye alimwonea mumewe wivu, na mimi nilimwonea yeye wivu kwa kuwa na mume wa kumwonea wivu.

Mume mwenyewe ni shemeji Ditram. Ni Mngoni, baba yake alikuja kukata mkonge akazeekea hukuhuku. Shemeji alitengeneza njia ya reli mpaka reli walipopunguza watu, akarudi nyumbani na baiskeli yake na koti lake la kazi. Ukimtazama huoni cha kuibiwa. Mwembamba, masikio makubwa, magoti yanamtangulia akitembea. Lakini alikuwa na kinywa. Alikuwa anaweza kumchekesha mtu aliyetoka kung'olewa jino, na hapo ndipo ugonjwa wa dada ulipokuwa. Mwanamume mwenye pesa utamjua anakoelekea, dada alikuwa akisema, lakini mwanamume anayechekesha wanawake wanamfuata wenyewe.

Dada alifanya biashara ya vitunguu. Ilikuwa ile miaka ya mwishoni mwa tisini, biashara huria imeshazoeleka, kila mwenye gunia ni mfanyabiashara. Alinunua vitunguu Lumuma na kuviuza Dumila, pale mabasi ya Dodoma yanaposimama, na wakati mwingine alilala hukohuko. Akirudi, kabla hajafungua khanga ya kichwani, ananiuliza mimi kwanza: "Shemeji yako alikwenda wapi?" Sisi ni Wasagara, hatukufundishwa kusalimiana hivyo, lakini ndivyo alivyokuwa anasalimia.

Presha ya shemeji iligunduliwa kwa bahati. Alikwenda kituo cha afya kwa ajili ya macho, akitaka miwani, nesi akampima presha kama wanavyompima kila mtu aliyefikisha umri ule. Akakutwa iko juu. Shemeji akabisha. Kichwa hakimuumi, moyo haumwendi mbio, anaendesha baiskeli mpaka Kimamba na kurudi. Nesi akamwambia kuwa huo ndio ubaya wake, presha haipigi hodi, unaiona siku imekuangusha. Akampa vidonge vya kumeza kila siku, ajisikie vibaya au vizuri, akamkataza chumvi ya kuongeza mezani, akamwambia awe anapima mara kwa mara na asingoje kuumwa.

Sasa kupima mara kwa mara utapimia wapi? Pale kituoni foleni yake ilikuwa ya kubeba na chakula. Nyumba ya nne kutoka kwetu, hata hivyo, kulikuwa na mashine.

Mashine ilikuwa ya Fausta, mjane aliyehamia kutoka Mikumi baada ya mumewe kufariki. Alishona sare za shule barazani kwake. Naye alikuwa na presha, na binti yake Loveth aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam alimletea kile kimashine cha betri: unafunga mkanda mkononi, unabonyeza, mkanda unajaa upepo na kubana, kisha namba zinatokea. Mtaa mzima ukawa unapimwa kwa Fausta. Hakumtoza mtu kitu. Na Fausta alikuwa Mhehe.

Hapo ndipo penye kisa. Wahehe na Wangoni ni watani. Walipigana zamani wakachoka, wakabaki kutukanana kwa raha. Mtani anaweza kukuita mumewe mbele ya mkeo, akala kwenye sahani yako, akakuvua kofia njiani, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unatozwa mbuzi, na aibu juu. Sisi Wasagara tuna watani wetu, lakini hawa hawakuwa wetu. Dada alikuwa anatazama utani wa watu wengine ukichezewa ndani ya ndoa yake.

Siku moja vitunguu viliisha mapema, tukawahi kurudi, maana siku ile nilikuwa nimemsindikiza. Tukakuta baiskeli ya shemeji imeegemezwa kwenye baraza ya Fausta, bado gurudumu linazunguka. Shemeji ameketi, mkono wa shati umepandishwa begani, na Fausta amemshika mkono anamfunga mkanda. Wote wawili wanacheka mpaka machozi.

"Karibu, mke mwenzangu," Fausta akasema. "Nampima mume wetu."

"Mume wetu tangu lini?" dada akauliza.

"Tangu babu zake walipokimbia mikuki ya babu zangu. Wewe umeolewa juzi tu."

"Usimsikilize huyu," shemeji akasema. "Wewe chunga mbwa wa jirani, Mhehe huyu asije akawala."

"Heri mbwa kuliko panya wenu, mume wangu. Tulia nikupime."

Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Ile namba ya juu ikasoma mia na sabini na nane. Fausta akasikitika, akamwuliza kama amemeza dawa. Amemeza. Dada alikuwa anaitazama ile namba.

Tulipofika nyumbani ndipo aliposema. "Wiki iliyopita kwa nesi ulikuwa na ngapi?"

"Mia na sitini hivi," shemeji akajibu.

"Na leo kwa Fausta mia na sabini na nane. Umemeza dawa, umekula bila chumvi. Kimepanda nini hapo, Ditram, kama si moyo?"

Shemeji akacheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Dada alikuwa amepata kitu ambacho mke mwenye wivu huwa hakipati, ushahidi wenye namba. Nami nasema kweli, niliona hoja yake ina miguu. Hakuna aliyekuwa ametuambia kuwa mtu akitoka kwenye baiskeli, na akicheka na kuongea huku anapimwa, mashine itasoma juu hata kama anayempima ni bibi yake.

Dada hakugombana zaidi. Alikwenda Dumila, na kule kulikuwa na muuza mitumba mmoja aliyefungua sanduku la vitu vya hospitali kutoka ng'ambo: magongo, miwani, viatu vyeupe, na mashine ya presha. Dada akampa doti mbili za vitenge alizokuwa ameziweka kwa ajili ya Krismasi, akarudi na mashine imefungwa ndani ya gunia la vitunguu. Ilikuwa nzuri kuliko ya Fausta. Kubwa, na mkanda wake mpana, unazunguka mkono wa shemeji mpaka unakutana na kwapa.

Akampima palepale uani. Shemeji alikaa kimya, maana katika nyumba ile, dada akiwa amekukazia macho, hukuwa na la kuchekesha. Mashine ikasoma mia na ishirini na nane.

Dada akapiga kigelegele, kimoja tu, kifupi, cha kusikika nyumba nne. "Unaona?" akaniambia mimi, si shemeji. "Kwa mke wake wa ndoa presha inashuka."

Tangu siku ile shemeji akakatazwa baraza ya Fausta. Kila asubuhi dada alimfunga mkanda kama anafunga mbuzi aliyezoea kutoroka, na kila asubuhi namba zikawa tamu: mia na ishirini na sita, mia na thelathini, mia na ishirini na tano. Aliwatangazia wateja wake, alimtangazia katekista. Mtu akiuliza siri, anajibu kuwa dawa ya mume ni mke. Alinona kwa furaha. Mimi nilikuwa naosha vyombo pembeni nikimtazama anavyomshika ule mkono, nikawa natamani hata mgonjwa, mradi awe wangu.

Kisha vidonge vikaanza kulala kwenye kopo. Sitasema ni dada aliyemwachisha. Shemeji mwenyewe alisema dawa za nini kwa mtu mwenye namba za kijana, tena zinamwamsha usiku kwenda chooni. Dada alisikia, hakumkataza. Angemkatazaje? Kila kidonge alichokiacha kilikuwa kinamsifu yeye. Hata chumvi ikarudi mezani, na samaki wa kukausha wakarudi.

Fausta aliona anapitwa. Shemeji akipita kwake siku hizo anatazama spoku za baiskeli. Mtani asiyetaniwa anakuwa kama mtu aliyefiwa, na Fausta alikuja kunikamata bombani.

"Filomena, mume wangu bado anameza dawa?"

"Ameacha," nikamwambia. "Wamenunua mashine, inasema amepona."

"Presha haiponi hivyo. Mimi miaka yote hii nameza. Mwambie dada yako."

"Mwambie wewe."

Akanitazama. Sote wawili tulijua kuwa Fausta akikanyaga uani kwetu kusema habari za mwili wa Ditram, dada atamtoa na mwiko. Alibeba ndoo yake akaondoka bila kuaga.

Haikupita muda mrefu, tukapata habari ya msiba. Evance, ndugu wa shemeji kwa ukoo, waliyefanya naye kazi kwenye njia ya reli miaka mingi, alikuwa amefariki Mikumi. Alianguka shambani, upande mmoja umekufa, mdomo umekwenda kando, akaishi siku mbili bila kusema. Kiharusi. Naye alikuwa na presha, naye alikuwa hodari wa kusema haumwi kitu. Tukapanda gari la asubuhi, na ndani ya gari Fausta naye yumo, kwa sababu maiti ya Mngoni haizikwi bila Wahehe kuja kuisumbua.

Ambaye hajaona watani msibani asije akashtuka. Ndio kazi yao. Walizuia majembe yasitoke mpaka walipopewa chochote. Walijipaka majivu, walilia kilio cha uongo, walikula nyama ya wafiwa mbele yao. Halafu Fausta akatokea ndani amevaa koti la marehemu. Akatembea kama Evance, akasalimia kama Evance, akakohoa kile kikohozi chake cha kujisifu, na mjane aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu jana akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Watu wakamshukuru Mungu kwa ajili ya watani.

Fausta hakuishia hapo. Akageuza koti, akayavuta masikio yake kwa vidole yakasimama, akaanza kutembea kwa hatua za mtu aliyezoea mataruma ya reli, magoti mbele. Kila mtu akamjua ni Ditram. Shemeji mwenyewe akacheka, ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka kwa wiki kadhaa. Fausta akaketi mkekani, akanyoosha mkono, akajifanya anazungushiwa mkanda, raundi moja, mbili, tatu, mpaka begani.

"Mia na ishirini na nane," akasema kwa sauti ya shemeji. "Mzima mimi. Dawa watupieni kuku."

Watu wakacheka. Basi mdomo wake ukaanza kwenda kando. Mkono ukaanguka, bega likafuata, akalala ubavu kwenye ule mkeka jicho moja likiwa wazi, na hakutikisika. Kicheko kikaendelea kidogo kwa wale wa nyuma ambao hawakuona vizuri. Kisha nacho kikaisha.

Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akasema palepale alipolala, kwa nusu ya mdomo: "Wangoni, chimbeni na kaburi la pili. Majembe si mnayo hapa."

Dada alisimama. Nilimwona anatafuta maneno, uso umevimba, na laiti ingekuwa mahali pengine angemrukia. Mzee mmoja wa Kingoni akamtazama tu akatikisa kichwa, maana mzaha wa mtani haujibiwi kwa hasira, msibani ndiyo kabisa. Dada akakaa. Alikuwa ameona mume wake akifa mbele ya watu, mikononi mwa mwanamke yuleyule, na hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Ikambidi aogope. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuogopa kitu kingine kuhusu Ditram mbali na wanawake.

Wakati wa kurudi, tulipopita Kisanga, dada akamgeukia shemeji.

"Vidonge viko wapi?" akauliza.

"Kwenye kopo," shemeji akajibu.

Asubuhi dada aliitia mashine yake kwenye kikapu, akamtanguliza shemeji, akanipa mimi mwamvuli nibebe. Mbele ya baraza ya Fausta akasimama. "Mama Loveth, chukua mashine yako, twende kituoni." Hakumsalimia, na Fausta hakudai salamu.

Nesi alimketisha shemeji kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Akamwambia apumzike dakika tano bila kuongea. Fausta akaanza, "Mngoni kunyamaza dakika tano," nesi akamkatiza kwa kidole. Akapima kwa mashine yake: mia na sabini na nne. Akapima kwa ya Fausta, kimya vilevile, ikaja karibu na hapo. Akachukua yetu, ile nzuri, akaifunga. Mia na thelathini na moja.

Dada akauliza: "Sasa ipi inasema uongo?"

Nesi akaugeuza mkanda wetu akatuonyesha alama zilizochorwa. Ukiufunga mkononi mwa mtu, ncha yake inatakiwa iishie kati ya mistari miwili. Kwa shemeji ilikuwa imeipita mistari na kuanza safari nyingine. "Huu ni mkanda wa mtu mwenye mkono mnene," akasema. "Ukimfunga mwembamba unashusha namba. Huyu hajapona hata siku moja." Kisha akamgeukia Fausta. "Na wewe nasikia unampima akitoka kwenye baiskeli, huku mnacheka. Hiyo inapandisha."

"Kwa hiyo kule ilipanda kweli," dada akasema.

"Ilipanda. Kucheka kunapandisha, kuongea kunapandisha, hata kubanwa na mkojo."

Nilimwona dada anampiga Fausta jicho, na ndani ya jicho lile kulikuwa na ushindi kidogo, hata pale, hata siku ile. Alikuwa na haki yake. Ila nesi alikuwa bado ameushika ule mkanda, na sasa alikuwa anautazama mkono wa dada.

"Mkono wake ndio huu," akasema. "Kaa nikupime, mama."

"Mimi siumwi. Presha ni ugonjwa wa wenye mawazo."

"Na wewe huna mawazo?"

Mimi nilicheka. Dada akaketi ili kunikomesha. Mkanda ukamzunguka ukaishia kati ya mistari, umekaa kama ulishonwa kwa kipimo chake. Tukanyamaza dakika tano. Mashine ikasoma mia na tisini na mbili, na ya chini mia na kumi na sita. Nesi akasubiri, akapima tena, akabadilisha na ya kwake akitumia mkanda mpana aliouomba chumba cha pili, na namba zikawa zilezile. Akaenda kumwita daktari.

Fausta alikuwa amesimama ukutani na mashine yake kifuani. Alikuwa na nafasi ya kusema lolote, mtani hakosi la kusema. Hakusema, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonitia hofu kuliko namba.

Tulirudi na makopo mawili ya dawa, na masharti yaleyale kwa wote wawili, na dada akapewa ya ziada: apunguze mwili, apumzike, na safari za vitunguu za Dumila agawane na mimi. Shemeji alirudi kupimwa kwa Fausta, ila sasa anakwenda kwa miguu, anakaa kimya kwanza, na wanacheka wakishamaliza. Dada akisikia kile kicheko anasaga meno bado. Dawa ya presha haitibu wivu, hata nesi alisema hivyo.

Ile mashine kubwa ikabaki uani kwetu kwa kazi yake halali. Siku ya kwanza shemeji mwenyewe alimpima dada. Aliweka kiti chenye mgongo, akamsogezea meza, akapiga magoti kumwekea miguu sawa. Wakakaa dakika zao tano wanatazamana, mimi nikiwa jikoni mlango wazi. Alifunga mkanda, ukafunguka, akaanza upya. Mashine ikasoma mia na themanini.

"Kwa Fausta unacheka," dada akasema. "Mbona mimi hunichekeshi?"

Shemeji hakuinua kichwa. "Kule napimwa mimi," akasema. "Hapa unapimwa wewe. Naogopa, Natalia."

Dada nimemjua tangu nizaliwe na sikuwahi kumwona amekosa swali. Baadaye akaulaza mkono wake tena juu ya meza.

"Pima tena," akasema, kwa sauti ndogo.

Shemeji akapima tena. Mimi nikachukua ndoo nikaenda bombani, ingawa mapipa yote mawili yalikuwa yamejaa, kwa sababu wivu ulikuwa umenikaba na sikutaka wanione.